Bei Iliyo Chini ya Shali

Nilipofunga kile kisanduku sokoni nilikuwa na mtu mmoja kichwani: abti wangu Dubow, kaka yake mama, anayefuga mbuzi Balambala. Kila ukame madalali wa Garissa humpelekea lori na bei ya kejeli, wakimwambia soko limekufa. Naye yuko mbali, angejuaje? Baba zao walimfanyia babu yangu vivyo hivyo. Walichukua ngamia wake wakamwachia sukari na majani ya chai, na hiyo sukari ilikuwa imejaa sisimizi. Ndugu zangu wanasema yamepita. Kwangu hayajapita.

Kisanduku chenyewe ni kompyuta ndogo, ubao mtupu ukubwa wa kipande cha sabuni. Nilijifundisha kwa video za simu. Nikachomeka kadi yenye programu, maikrofoni, na waya wa mtandao kutoka saiba ya jirani, nikakiweka chini ya meza ya Khadra, muuza mbuzi asiyejua kunong'ona. Joto la Garissa likawa linakizima kila adhuhuri, mpaka nikakipachikia feni niliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu. Cha pili, chenye spika, nikampelekea Rahmo, mke wa abti, hotelini kwake Balambala. Linalosemwa kwa Khadra linasikika kwa Rahmo, kwa wafugaji wanaokunywa chai.

Lakini sokoni kwetu bei haisemwi. Mnunuzi na muuzaji hushikana mikono chini ya shali. Vidole vikibanwa hivi ni bei hii, vikibanwa vile ni ile. Aliyesimama kando haambulii kitu. Wanaiita heshima. Heshima gani hii inayojificha kama mwizi wa kuku?

Basi nikawaomba akina mama: ukishauza, njoo mezani utaje bei uliyopata. Wakaja, wakataja kweli, na kwa muda mfupi nilitembea kifua mbele.

Ndipo akaja Korane, dalali mkubwa, ananukia manukato hadi mbuzi wanapiga chafya.

"Mashallah, fundi! Umetuletea redio. Na sisi tuseme?"

"Ni ya kila mtu," nikajibu. Ningesema nini?

Tangu hapo, kila asubuhi yeye na vijana wake ndio waliotangulia kwenye maikrofoni, wakitaja bei za aibu kwa sauti ya furaha. Akina mama wakanyamaza. Ukimbishia Korane, kesho hakuna atakayekupa mkono, utarudi nyumbani na mbuzi wako. Hata Khadra aliinamisha macho, akajifanya anafunga kamba.

Yaliyokuwa yakitokea Balambala nilikuwa siyajui. Rahmo akanipigia simu.

"Mjomba wako anapakia mbuzi kesho. Lori la Salah, mpwa wa Korane, limeegeshwa mlangoni kwangu."

"Kwa bei gani?"

"Ile ya kisanduku chako. Salah anawaambia, mmesikia kwa masikio yenu."

Uwongo wao wa zamani, nami nimeununulia spika.

Nikamwambia azuie upakiaji hadi anisikie kwenye kisanduku. Asubuhi nikachukua mbuzi jike wa mama, nikaenda nikasimama mbele ya Korane.

"Hee! Fundi wa redio naye anauza mbuzi?" Vijana wake wakacheka. "Waya zimekwisha?"

Akanitupia shali mkononi. Vidole vyake vilikuwa laini, vyenye jasho, vinateleza kama utumbo. Vikabana. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya ile aliyoitangaza muda mfupi uliopita. Sikuuachia mkono wake. Nikaivuta shali ikaanguka mavumbini, vidole vyetu vikabaki wazi mbele ya soko zima, nikaipaza ile bei kuelekea mezani kwa Khadra. Nikairudia mpaka koo likakauka.

"Huna adabu!" Korane akafoka.

"Adabu yako iko chini, iokote."

Abti hakupakia. Siku chache baadaye akawaleta mwenyewe mbuzi wake Garissa, akawapanga vizuri, akasubiri. Hakuna mkono hata mmoja uliomjia. Madalali walipita wakitazama juu kama watu wanaongojea mvua. Jua likapanda, mbuzi wakaanza kuhema.

"Abti," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "umenipa masikio, umenikata mkono."

Kisha akaenda mezani, akainamia maikrofoni kama anayenusa maziwa.

"Huyu ni Dubow. Mbuzi wangu wamesimama hapa tangu asubuhi. Wale wanaowaambia hakuna soko wako mbele yangu, wanakunywa chai, na malori yao ya Nairobi hayajajaa. Mliopakia, shusheni."

Haukupita muda simu ya Korane ikalia. Alikuwa Salah, hata sisi tulimsikia akipiga kelele kwamba watu wanateremsha mbuzi kwenye lori. Korane akatazama malori yake, akatazama mbuzi wa abti. Akaja, shali imekunjuliwa, mkono umetangulia.

"Dubow, ndugu yangu. Mambo ya wanaume hayatangazwi. Lete mkono."

Abti akaweka mikono yake nyuma.

"Sema kwa mdomo."

"Mbele ya wanawake?"

"Khadra, sogea umpishe mzee."

Khadra akasogea, na safari hii hakuinamisha macho. Korane akainama, manukato yake yakaijaza meza yote, akataja bei kwa sauti ya mtu anayekiri kujikojolea.

"Rahmo ana kelele za vikombe," abti akasema. "Rudia."

Akarudia. Ilikuwa bei nzuri, ile ile ambayo vidole vyake vilikuwa vikiijua siku zote.

Abti akakuna ndevu, akawatazama mbuzi wake mmoja mmoja.

"Ongeza," akasema.