Mkono Alioufunga Baba

Asubuhi ya mashindano niliifungua ndege yangu ya rimoti, iliyolala kwa baba, nikakuta amehamisha kishikio. Amekitoa kwenye ncha ya bawa la kulia, amekibandika kwenye la kushoto, akakipiga msasa mpaka kikang'aa. Ni seremala wa siku nyingi pale Mvumi, na kazi yake haina dosari. Hasira zilinipanda.

"Shikamoo, baba," nilisema, maana uwe na hasira usiwe nayo, shikamoo iko palepale.

"Marahaba, Edina. Nimekurekebishia. Mchungaji Sila anakuja kuangalia. Huwezi kurusha kitu kwa kushoto mbele za watu."

Ndege hizi hazina injini. Unashika kishikio kwenye ncha ya bawa, unazunguka mwili mzima, unaiachia ipande. Yanayobaki ni rimoti na akili ya kutafuta hewa ya moto inayopanda. Anayetumia mkono wa kulia hushika bawa la kushoto. Mimi wa kushoto nashika la kulia. Mwaka mzima nimeijenga kwa ajili ya mkono wangu, na siku hiyo ambaye ndege yake ingekaa angani muda mrefu kuliko zote ndiye angekwenda kushindana Arusha. Nafasi ilikuwa moja.

Mkono huo baba aliufunga kwa khanga ya mama kila tulipokula, mpaka nikaanza shule. "Samaki mkunje angali mbichi," alikuwa akisema. Sasa mimi ni mtu mzima, nina nyumba yangu Mkonze, na mzee bado anakunja. Alichelewa, nilishakauka.

Tulirushia kwenye shamba la uwele lililovunwa. Kila mtu alikuwa na mirusho mitatu, unahesabiwa ule bora. Wa kwanza nilitii. Nilishika kwa kulia, nikazunguka kama mlevi, ndege ikafika kimo cha paa la nyumba na kuanguka kwenye mabua. Mchungaji alipiga makofi. Baba naye alipiga makofi, anatabasamu, na hapo ndipo nilipochukia kabisa. Alikuwa radhi nishindwe, mradi nishindwe kwa mkono wa heshima.

Nilikivunja kile kishikio nikakitia mfukoni.

"Dada, bila kishikio itakuchana," alisema Anitha, mshika saa.

"Acha inichane."

Nilibana ncha ya bawa la kulia kwa vidole vitupu vya kushoto. Nikazunguka na hasira zangu zote, za khanga, za fimbo za shule, za ule msasa. Ikapaa. Mwewe wawili walikuwa wanazunguka upande wa barabara bila kupiga bawa. Nikaipeleka kwao, hewa ikaibeba. Ilikaa huko mpaka shingo ikaniuma. Nilipoishusha niliidaka kwa mkono uleule, damu ikachafua bawa. Mpaka mrusho wa mwisho wa wenzangu, hakuna aliyenikaribia.

Baba alikuja polepole, mchungaji nyuma yake. Nilimnyooshea kile kishikio kwa mkono wa kushoto, ukiwa bado na damu. Kwetu hata mtoto mdogo hampi mzazi kitu hivyo.

"Wewe ndiye uliyekitoa," nilisema. "Kirudishe mahali pake kabla sijaenda Arusha."

Aliutazama mkono. Kisha akakipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kitu kwa mtu aliyemzidi umri.

Hasira yangu ilibaki palepale, lakini nilikiachia.