Kinamasi cha Kola

Mvua ya kwanza ya Novemba ilinyesha usiku kucha, na kesho yake Mbinya alifundisha akili ikiwa kwingine. Alikuwa mwalimu wa biolojia mjini Machakos, lakini kila msimu wa mvua alikwenda Kola, kwenye kinamasi kilichokuwa katika shamba la wakwe zake, kusikiliza vyura. Alisimama kando ya matete jua likizama, akatambua kila aina kwa mlio wake, akarekodi kwa simu na kuwatumia watafiti wa Nairobi waliofuatilia vyura wa asili wa Ukambani. Hakuna aliyemlipa. Mumewe, Wesley, alimtania tu kwamba ameolewa na vyura.

Alipofika jioni hiyo alikuta mtaro mpana umechimbwa katikati ya kinamasi, maji yakikimbilia mtoni. Matete yalikuwa yamefyekwa. Kwenye madimbwi yaliyobaki, mayai yaliyotagwa usiku ule wa mvua yalishikamana na nyasi kama uteute wenye nukta nyeusi, na mengine yalikuwa yameshaachwa juu ya tope.

Kitheka, mdogo wake Wesley, alikuwa mwisho wa mtaro akitoa tope kwa koleo. Alimsalimia kama kawaida. Mbinya alimwonyesha mtaro kwa kidole.

"Shemeji, hii maji ilikuwa inakaa bure," Kitheka alisema. "Nataka kupanda nyanya. Mimi niko na watoto."

"Ungeniambia."

"Nilimwambia Wesley tangu Agosti. Akasema ni sawa, atakuambia."

Mbinya alimpigia mumewe papo hapo. Wesley alisema alikuwa akitafuta wakati mzuri, kwamba sehemu hiyo ya shamba ni ya Kitheka na yeye hangeweza kumkataza. Mbinya alikata simu akiwa bado anaongea. Kilichomuuma zaidi ya mtaro ni kwamba Wesley alikula naye chakula cha jioni miezi yote hiyo na kumwacha apange safari za Kola.

Alipanda hadi nyumbani kwa mama mkwe wake, Kaluki, akaomba beseni. Kaluki aliguna kwamba vyombo vyake vya kuogea si vya vyura, lakini akatoa mabeseni yake yote mawili pamoja na ndoo. Mbinya alivua viatu, akaingia topeni, akakata nyasi zenye mayai na kuzibeba hadi shimo la zamani la kufyatulia matofali lililokuwa nyuma ya zizi, ambalo lilikuwa limejaa maji ya mvua. Kitheka alimtazama kwa muda, kisha akachukua ndoo bila kuombwa. Aliteleza njiani na kuimwaga nusu.

"Pole, shemeji."

"Wacha tu," Mbinya alimjibu, na akamnyang'anya ndoo.

Usiku aliwaandikia watafiti. Jibu lilikuja Jumatatu, la upole na la kukatisha tamaa: vyura waliohamishwa hawawezi kuingizwa katika hesabu, na kwa kuwa kinamasi hakipo tena, kituo chao cha kurekodia cha Kola kimefungwa. Walimshukuru kwa kujitolea. Alisoma ujumbe huo katika ofisi ya walimu, akaufuta.

Hata hivyo alirudi Jumamosi. Mayai mengi yalikuwa yameoza, lakini viluwiluwi wachache walitapatapa ukingoni mwa shimo. Jua lilikuwa limerudi na maji yalikuwa yameshuka sana. Kwa kasi hiyo wangekaukiwa kabla ya kuota miguu.

Alikuwa bado amechutama pale Wesley alipotokea na jembe begani. Hakuwa amemwambia kwamba anakuja. Alisema ameongea na Kitheka, kwamba nyanya zilizokwisha kupandwa hazitang'olewa, lakini Kitheka amekubali tawi dogo la mtaro lielekezwe huku shimoni.

"Na wewe ulikubali nini Agosti?" Mbinya aliuliza.

Wesley aliinamisha kichwa. "Niliogopa ugomvi. Nilikosea."

Mbinya hakusema amemsamehe, kwa sababu hakuwa amemsamehe. Alisimama, akakunja sketi, akamwonyesha mahali ambapo ardhi ilikuwa laini.

"Anzia hapa," alisema. "Polepole, usiwafukie."