Karibu na Barabara

Jumatatu asubuhi, katika ofisi ya mipango mjini Tabora, Mwamvita alikuta ramani mbili alizoziacha mezani Ijumaa zimezaa. Mtoto alikuwa na barabara ya baba na vilima vya mama. Wino wake ulikuwa haujakauka.

"Mpe namba," alisema mkuu wake, Bwana Anselm, akikoroga chai.

Hivyo ndivyo vijiji vya Ujamaa vilivyopangwa mwaka ule. Kila asubuhi Anselm alipima ramani changa kwa rula. Zilizosogeza nyumba karibu na barabara zilirudishwa mezani zizae tena. Nyingine zilitumiwa kuwashia jiko. Kila kizazi kilikuwa bora kuliko kilichopita, maana ubora ulikuwa na kipimo kimoja tu.

Siku moja ikazaliwa ramani yenye kilema. Ilikuwa na kisima ambacho wazazi wake hawakuwa nacho, nayo ilichuruzika maji. Anselm aliitia jikoni, moto ukazimika.

"Chai itachelewa," alisema.

Kisima kile kilikuwa cha kijiji cha Mama Leonia, upande wa Urambo. Alikuja ofisini mwenyewe kukataa kuhamishwa.

"Shikamoo, mama. Tunawapeleka karibu," Anselm alimwambia.

"Marahaba. Karibu na nini, mwanangu?"

"Na barabara."

"Barabara hainyweki."

Mwamvita alicheka. Anselm hakucheka. Malori ya kuwahamisha yalikwenda wiki ileile, lakini Mwamvita alikuwa ameshaitoa ramani ile jikoni na kuifunga kwenye khanga ya Leonia.

"Mama, hii ni ya kwenu."

Katika kijiji kipya Leonia aliikamua kila asubuhi kama nguo. Ilitoa mtungi mmoja, kisha ikakauka hadi kesho yake. Majirani walipanga foleni na vikombe, wakinung'unika.

"Leo yananuka wino zaidi, Leonia."

"Basi kanywe barabara."

Anselm na Mwamvita walipokuja kukagua, Leonia alipanda kutoka shimoni alimokuwa akichimba kisima, akamchotea Anselm kikombe cha mwisho cha mtungi.

"Maji yako umbali gani, mama?" Anselm aliuliza, kalamu mkononi.

Leonia alimnyooshea kikombe. "Karibu."

Anselm akaandika: *karibu*. Akanywa, akashukuru.

"Bwana Anselm, mama alikuwa anakukaribisha," alisema Mwamvita.

"Imeshaandikwa."

Mwamvita alivua viatu, akashika ndoo ya kutolea udongo. Leonia alishika jembe, akarudi shimoni. Shimo lilimfika shingoni, na udongo ulikuwa bado mkavu.