Ukoga Uliobaki Hewani

Risten alichoma theluji kwa fimbo yake, mara hapa, mara pale, na kila mahali fimbo iligota. Mvua ilikuwa imenyesha katikati ya majira ya baridi, jambo ambalo siku hizi halimshtui mtu, kisha baridi ikarudi na kuigandisha. Chini ya barafu hiyo ulilala ukoga mweupe ambao kulungu wa theluji huufukua kwa kwato mpaka masika. Sasa walikuwa wakiparua bure. Majike wenye mimba walikuwa wamelala, na alipopita karibu yao hawakujisumbua hata kuinua vichwa.

"Wiki hii wasipokula, hatuna ndama mwaka huu," alimwambia mdogo wake, Heaika, aliyekuwa akikata vipande vya jibini na kuvitia kwenye kahawa. "Zamani tungewapeleka Ruovda."

"Zamani, dada, hata mimi nilikuwa na nywele."

Ruovda ulikuwa msitu wa misonobari ya kale, na matawi yake yaliota ukoga mrefu, mweusi na wa kijivu, unaoning'inia kama ndevu. Majira ya baridi yakiwa mabaya, baba yao aliangusha mti mmoja au miwili na kundi likajilia. Kisha kampuni ikaja ikaukata msitu wote, ikang'oa na visiki, ikalima ardhi. Walipita huko siku hiyo kwa sababu ndiyo njia ya kwenda kuchukua chakula cha magunia, ambacho kulungu mwenye njaa kali hukila akaharisha.

Miti haikuwepo, kama walivyotarajia. Ukoga ulikuwepo. Ulining'inia hewani juu ya uwanda mweupe, kila shungi mahali ambapo tawi lake lilikuwa, ukipepea kidogo kila upepo ulipopita. Heaika alizima pikipiki ya theluji.

Ukoga si mmea mmoja. Ni kuvu na mwani waliokubaliana kukaa nyumba moja: kuvu hujenga kuta na kuteka maji, mwani hupika kwa mwanga wa jua, na wote wawili hula chungu kimoja. Mti hauna sehemu katika mapatano hayo.

"Mti ulikuwa kiti tu," alisema Heaika. "Wamenyang'anywa kiti, wakaamua kusimama."

"Punguza maneno, lete shoka."

Ukoga ulikuwa juu mno kwa kulungu, na mti hauangushwi mpaka ujue shina lilipo. Risten alitazama kijito, akatazama jiwe kubwa, akaukumbuka msonobari wenye vilele viwili ambao mama yake alizoea kutundikia susu ya kulazia mtoto. Pigo la kwanza lilikata hewa na nusura limwangushe. Heaika akacheka mpaka akakohoa.

"Dada, umemkosa mtu mnene hivyo?"

Alisogea kushoto, akapiga tena, na shoka likauma. Hakuna kibanzi kilichoruka, ila mlio ulikuwa wa mti wenyewe. Alipiga mpaka kitu kikapasuka, kikalalama, kikaanguka na kutifua theluji, na ukoga ukalala chini kwa umbo la matawi. Kulungu waliokuja nyuma yao wakainua pua. Waliokuwa wamelala wakaletewa ukoga kwa mafungu, wakala, wakasimama. Risten na Heaika wakaangusha na mingine kadhaa, ila waliukwepa msonobari mmoja, ule wenye ukoga wa manjano ambao zamani ulitegewa mbwamwitu kama sumu.

Risten aliketi kwenye theluji akalia kwa raha, bila kuficha uso. Kwa muda wa majuma alikuwa amebeba jiwe kifuani, na sasa jiwe halipo.

Wafugaji wa huko hawausifii mwaka wao mbele ya mgeni. Ukiulizwa hali ya kundi, unajibu "wapo," basi. Holger, msimamizi wa misitu wa kampuni, alipofika akiteleza kwa mbao zake za theluji na kuuliza wanyama wanaendeleaje, Heaika alikuwa na furaha iliyomzidi kimo.

"Wameshiba mpaka wanabeua, Bwana Holger! Miti hamna, ukoga tele! Kumbe mti ulikuwa kiti tu!"

Risten alimkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Holger aliokota shungi, akalinusa. Uso wake ulikunjuka, na furaha yake ilikuwa ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya.

"Mmenitua mzigo. Msitu wa Njálla tulikuwa tumeuacha kwa ajili ya malisho yenu, na nilikuwa silali. Kumbe ukoga hauhitaji miti."

"Huu uliota kwenye miti," alisema Risten. "Umeota muda mrefu kuliko umri wangu. Ukiliwa huu, umekwisha."

"Lakini si huu hapa, mama Risten?" Holger alionyesha juu kwa upole, na hapakuwa na mtu wa kubisha kwamba haupo.

Risten alibisha mengine yote, pale na baadaye ofisini kwa kampuni, ambako alipewa kahawa nzuri.

Masika majike walizaa salama. Ndama walisimama kwa miguu inayotetemeka, na Risten aliwatazama akajisikia mwepesi kama aliyepona homa. Heaika alikuwa ameomba radhi mara nyingi hata akaanza kuchosha, akasamehewa ili anyamaze.

Wiki hiyohiyo mashine zilifika Njálla. Zilimkuta Risten akienda kutoka mti hadi mti, akiweka kiganja juu ya kila shina, akipima kwa macho umbali wake na jiwe, na mwamba, na maji.

"Unafanya nini, mama Risten?" aliuliza Holger.

"Najifunza mahali pa kupiga shoka."

Holger aliafiki kwa kichwa. Alimwashiria dereva azime mashine, wakamsubiri mpaka amalize mstari wa kwanza. Kisha mashine ikawaka nyuma yake, na Risten akaongeza mwendo.