Gundi ya Shemeji

Kitendawili! Kazi yake kushikanisha, leo kamla mwenzake. Umenoa? Nipe mji, nikwambie: ni gundi.

Mama mdogo alikuwa akigeuza stoo yake kuwa studio ya picha. Alitaka kubandika vile vibao vyeupe vyepesi vinavyokuja ndani ya katoni la friji kwenye plaiwudi, virudishe mwanga usoni mwa wateja. Shemeji yake, fundi viatu, akamletea gundi kopo zima. Alipoipaka tu, kibao kikayeyuka kama sukari kwenye chai. Vilikuwa viwili, kikabaki kimoja, na maharusi wanakuja kesho.

"Shemeji, gundi yako ina nini?"

"Ina nini tena? Soli zangu hazibanduki, niulizwe leo!"

Mama mdogo hakununa. Aliokota vipande viwili vya kibao kilichoharibika, kimoja akakidondoshea gundi ya shemeji, kingine gundi nyeupe ya mbao, akachutama kuvitazama. Cha kwanza kikachimbika shimo. Cha pili kikatulia tuli. Akalinusa kopo, kisha akamsogezea shemeji puani.

"Haya, nakuuliza tena."

Shemeji akajikuna kisogo. "Ilikuwa imeganda, shemeji. Niliizimua kwa petroli."