Kaa Hapo, Utaitwa

Shangazi alikuwa anamchana nywele marehemu wa kwanza wa asubuhi, maji ya uvuguvugu yakipoa kwenye beseni, wakati gari la hospitali lilipomleta marehemu mwingine, fundi viatu, akiwa ameketi. Walimshusha kama walivyompakia: mgongo wima, magoti yamekunjwa, mikono mapajani. Dereva alisema wamejaribu kumlaza, ila kila wakimlaza anaketi tena. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Kabla ya kufungua ofisi ya mazishi alikuwa mhudumu wa hoteli, halafu msusi, halafu akatunza wazee wa watu, akiwaogesha na kuwageuza kitandani. Walipomuuliza kwa nini uzeeni ameamua kuhangaika na maiti, alijibu kwamba kazi ni ileile, wateja tu ndio wamepunguza maneno.

Alimkanda fundi magoti kwa mafuta ya moto, akamlaza. Fundi akaketi. Shemeji yake Shangazi, seremala wa majeneza, akamwekea gunia la mchanga kifuani. Fundi akaketi nalo.

"Shangazi, nakuomba umlaze baba watoto," mjane alisema. "Maisha yake yote amekaa kwenye kistuli akishona viatu vya watu. Angalau sasa apumzishe mgongo."

"Nitamlaza, mama. Alifia wapi?"

"Pale pale hospitali, kwenye benchi. Yule wa dirishani alimwambia, kaa hapo, utaitwa. Akakaa."

"Akaitwa?"

"Mpaka wanafunga dirisha, hakuitwa."

Shangazi aliweka kitana chini. Alikuwa amehudumia walevi, mabibi harusi wenye kisirani na wazee waliomtemea uji, na hakuna hata mmoja ambaye yeye alimwambia asubiri kisha akamsahau. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka.

Mjane alimwita mumewe kwa jina lake lote. Hakutikisika. Shemeji naye akamwita, kwa sauti ya kiofisi. Hakuna kitu. Fundi alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, na aliyemwahidi kumwita ni dirisha.

Basi wakamrudisha hospitali. Wagonjwa walisogea kidogo akapata pa kukaa, na mama mmoja akauliza kama amekuja mbele yake au nyuma yake. Shangazi alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Naomba umwite yule mzee."

"Yule si kafa?" karani aliuliza.

"Najua. Mwite tu, nikamzike."

"Hapa tunaita wagonjwa, Shangazi. Yule siyo mgonjwa tena."

"Na alipokuwa mgonjwa, mbona hukumwita?"

"Zamu yake ilikuwa haijafika." Karani alichungulia benchi. "Lakini kama hana haraka, akae tu. Ataitwa."

Fundi aliposikia hivyo alijiweka sawa na kunyoosha mgongo zaidi. Hapo ndipo Shangazi alipokipiga kioo kwa kiganja na kumtolea karani maneno ambayo hajawahi kumwambia mteja. Karani akashusha pazia, akaenda kula.

Walimzika fundi ameketi, ndani ya sanduku refu kama kabati. Kifo chake mjane alikuwa ameshakilia. Makaburini alilia mgongo.

Baada yake waliletwa wengine: mwalimu wa chekechea, fundi rangi, msichana aliyempakata mtoto, wote wawili wamekodolea macho upande mmoja. Uongozi wa hospitali ulipopata habari ulichukua hatua. Uliongeza benchi. Shemeji ndiye aliyepewa kazi ya kulitengeneza, na Shangazi hakumsemesha mpaka mvua zikaanza.

Mvua zilipokwisha, mjane wa fundi aliletwa akiwa amesimama. Ilibidi dereva atumie gari la wazi.

"Aliambiwa akae," dereva alieleza, "akagoma."

Shemeji alipima urefu wa mjane, kisha akapima mlango. Wachimba kaburi waliambiwa wachimbe kwenda chini tu, na waende na ngazi. Shangazi alipanda juu ya kiti, akamfuta mama yule uso, akaanza kumsuka polepole, mistari midogo midogo, kama alivyokuwa akiwasuka maharusi.

"Umefanya vizuri, mama," alimwambia.

Alikuwa bado hajamaliza upande wa pili gari la hospitali lilipopiga honi nje. Lilikuwa limeleta watatu, wote wameketi.