Shingo ya Libuyu

Papa Alphonse Zagabe aliacha kupiga gitaa mwaka ambao vidole vyake vilianza kukataa kukunjuka asubuhi. Hakumwambia mtu. Parokiani alisema tu kwamba umeme siku hizi haueleweki, heri kwaya iimbe na ngoma peke yake, na Georgette, aliyeongoza kwaya, akakubali kwa sababu umeme kweli haukueleweka. Gitaa lake jekundu, alilolipata akiwa kijana wa orkestra, enzi ambazo watu walianza kucheza dansi katika mabaa ya Bukavu kabla jua halijazama, likafungwa katika shuka na kuwekwa juu ya kabati.

Aliyegundua ukweli alikuwa mwanawe, Emile. Emile alikuwa msaidizi katika maabara ya umeme ya taasisi moja mjini, na tangu mama yake alipofariki aliishi na mkewe Laurette katika nyumba ya baba yake, pale Nyalukemba. Siku moja alimkuta mzee ameketi kitandani na gitaa mapajani, mkono wa kushoto umeng'ang'ania shingo ya gitaa kama mtu aliyeshika mpini wa jembe. Anakandamiza nyuzi kwa nguvu zake zote, na hakitoki kitu ila mkwaruzo. Emile alirudisha mlango polepole.

Wakati wa chakula alianza kuzungumza kana kwamba ni jambo lililomjia tu. Alisema magitaa ya zamani yana shingo nene na nyuzi zake zinaning'inia mbali na mbao, yalitengenezewa mikono ya vijana. Yanayotengenezwa siku hizi huko Ulaya na Japani yana shingo nyembamba, nyuzi zimelala karibu, unagusa tu linaitika. Papa Zagabe alimjibu kwamba ameyaona hayo magitaa ya kisasa, yamechongoka kama mashoka na yanalia kama bati, na kwamba yeye akitaka kelele atakwenda sokoni. Emile akacheka.

"Mi nitakutengenezea moja, papa. Sura ya zamani, shingo ya sasa. Macho yako haitajua kitu. Mikono ndiyo itajua."

Ulikuwa mwaka wa pili wa uasi. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, msitu ulikuwa wa wapiganaji wa Mayi-Mayi, na katikati yao walikuwa watu waliotaka kulima na kuuza. Mbao nzuri ya libuyu ilitoka Bunyakiri, kwenye barabara ya Hombo, na barabara hiyo ilikuwa imeshameza wengi. Emile alikwenda. Alipanda lori la wafanyabiashara bila kumwambia mkewe, akarudi na ubao mmoja begani, mweusi kwa moshi, kwa kuwa ulikuwa umekaushwa miaka mingi juu ya jiko la mtu. Laurette hakuzungumza naye wiki nzima. Papa Zagabe naye alikasirika, lakini usiku ule aliugusa ule ubao, akaugonga kwa kucha, akasikiliza.

Kazi ilifanyika barazani, jioni kwa jioni. Emile alimpa baba yake donge la udongo wa mfinyanzi alikamate kama anavyokamata shingo ya gitaa, bila kujikaza, na alama ya ule mkono ndiyo aliyoifuata alipoichonga libuyu. Mwili wa gitaa aliukata kwa kufuata lile la zamani, pembe kwa pembe, akaupaka wekundu uleule wa divai. Funguo za kukazia nyuzi zilitoka Bujumbura, mpya kabisa. Zilibaki mikro mbili tu, vile vidude vya sumaku na waya wa shaba vinavyokamata sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye ampli ya kukuza sauti. Hizo alizisuka mwenyewe pale maabara, kwa waya wa transfoma iliyoungua.

Alikuwa anazileta nyumbani, mchana kweupe, askari wa kizuizi walipomfungua mkoba. Waliona shaba, sumaku, nyaya zinazoning'inia. Mmoja akasema hiyo ni foni, redio ya kuwasiliana na watu wa msituni. Mwingine akamkumbuka: huyu si ndiye alikuwa Bunyakiri juzi? Jirani aliyepita pale alimsikia Emile akiwaeleza kwa utulivu, kama anavyowaeleza wanafunzi, jinsi sumaku inavyofanya kazi. Alikuwa bado anaeleza walipompandisha kwenye gari.

Komanda wa wale askari alikuwa ametwaa nyumba nzuri kando ya ziwa, si mbali na pale walipokaa. Papa Zagabe na Laurette walisimama nje ya ua wake siku baada ya siku, zaidi ya wiki, wakifukuzwa na kurudi, mpaka padri wa parokia alipoongozana nao ndipo wakaingizwa. Komanda alikuwa kijana, shati limepigwa pasi, Kifaransa chake cha shule. Aliwapa viti. Zile mikro mbili zilikuwa mezani mbele yake, juu ya gazeti.

"Muzee, hii ni nini?"

"Ni mikro ya gitaa, komanda. Mutoto wangu alikuwa ananitengenezea."

"Na hilo gitaa iko wapi?"

"Iko nyumbani. Haiyaisha."

Komanda alivigeuzageuza vile vidude kwa ncha ya kalamu. Akasema basi wakalimalize, walete Jumamosi, lilie hapa mbele yake. Likilia, atajua kijana hakudanganya. Laurette aliomba kumwona mumewe, ampe hata sweta. Komanda alisema Emile ni mzima, anakula, sweta waliache tu, atapewa. Wakaliacha.

Askari mmoja alitumwa afuatane nao ili mikro zisipotee. Alikaa sebuleni na bunduki kati ya magoti, huku Laurette akipasha moto chuma cha kulehemu cha mumewe. Hakuwahi kukitumia. Alikuwa amemshikia Emile taa mara nyingi tu, na akiwa amemshikia taa alikuwa ametazama. Risasi ya kulehemu ikadondoka mezani, akafuta, akaanza tena. Papa Zagabe alifunga nyuzi na kuzikaza. Umeme uliporudi waliunganisha ampli, na lile gitaa likatoa sauti nene, safi. Askari aliuliza kama mzee anaweza kumpigia kidogo. Mzee alisema hapana, na Laurette akamwashiria kwa macho apige, naye akapiga kidogo.

Jumamosi walimweka verandani kwenye ile nyumba ya ziwani, maafisa wamekaa na bia zao. Alidhani atapiga wimbo mmoja, waone, basi. Komanda alimwambia aendelee. Akaendelea. Mwanzoni hakutilia maanani, lakini baada ya wimbo wa tatu au wa nne alijikuta anashangaa mkono wake. Ile shingo ilikuwa imejaa kiganjani kama kitu alichokuwa nacho siku zote. Vidole vilivyoshindwa kufunga vifungo vya shati vilikuwa vinatembea wenyewe, vinafika mahali kabla hajavituma. Alipotazama chini aliona gitaa la ujana wake, na alipofumba macho alishika kitu kingine kabisa. Alijua sasa ni nini mwanawe alikuwa amekifuata Bunyakiri. Alitamani Emile atoke nje ya chumba walichomfungia amsikie, akapiga kwa nguvu zaidi ili sauti ifike popote alipo.

Alipiga mpaka jua lilipoelekea milima ya ng'ambo. Komanda akapiga makofi.

"Ni gitaa kweli," alisema. "Nimeamini."

Papa Zagabe aliuliza habari ya mtoto. Komanda alisema kuna mambo ya ofisi, warudi Jumatatu, na gitaa libaki kama ushahidi. Jumatatu aliambiwa komanda amesafiri. Siku iliyofuata aliambiwa hajarudi, ingawa gari lake lilikuwa limesimama uani.

Kisha akaja Mugisho. Mugisho alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyefungwa pamoja na Emile na kuachiliwa baada ya ndugu zake kuhangaika kote. Aliingia akichechemea, akakataa kiti, akazungumza na Papa Zagabe huku akitazama ukuta. Emile alikuwa amekufa wiki ileile aliyokamatwa. Walikuwa wanamtaka aseme ni mawimbi gani anayotumia kuzungumza na Mayi-Mayi, na yeye alikuwa anawaeleza habari za nyuzi na sumaku, mpaka sauti ikamwishia. Walimpakia pamoja na wengine, wakawapeleka Mumosho, upande wa mto Ruzizi, kwenye shimo.

"Wiki ileile?" aliuliza Papa Zagabe.

"Wiki ileile, papa. Hakufika hata Jumapili."

Kwa hiyo siku komanda alipowakaribisha viti, Emile alikuwa ameshazikwa. Siku walipoacha sweta. Na ile Jumamosi. Papa Zagabe alikaa akiyapanga hayo kichwani, yanakataa kupangika. Laurette alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango na alikuwa amesikia yote. Hakulia pale. Alimsindikiza Mugisho hadi barabarani, akarudi, akasema jambo moja tu.

"Papa, mimi nataka kumuzika."

Papa Zagabe alikwenda peke yake. Safari hii aliingizwa mara moja. Alisema anajua mtoto wake amekufa na anajua yuko wapi, na kwamba hakuja kushtaki mtu, amekuja kuomba mwili. Komanda hakukana, wala hakujifanya kushangaa. Alisema Jumapili kuna sherehe, wakubwa wanakuja kutoka Goma, na wanamuziki aliowapata hawana mpigaji wa gitaa la solo. Alilisema hilo kama mtu anayeeleza shida yake ya kawaida.

"Utanipa mutoto wangu?" aliuliza Papa Zagabe.

"Piga vizuri, muzee. Nitakupa na gari."

Jumapili walizigeuza spika zikaelekea barabarani. Misa ya pili ilikuwa imetoka, na watu waliokuwa wanarudi nyumbani walipunguza mwendo kando ya ua. Aliwaona kupitia nafasi za fensi: Georgette na mwavuli wake, mama wa kwaya watatu wanne, mtu aliyesoma naye. Walimwona amekaa kati ya askari, anapiga rumba, wasichana wa mjini wanacheza na maafisa. Wengine walisimama kidogo. Georgette hakusimama.

Alipiga vizuri. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote. Alikuwa ametegemea vidole vimkatalie, viume, viuvunje wimbo katikati, na angefurahi vingeuma. Havikuuma. Ile shingo ya libuyu ilimbeba kutoka wimbo hadi wimbo mpaka sherehe ikaisha, na wageni wa Goma wakamsifu.

Komanda alitimiza neno lake. Gari lilikuja asubuhi na askari wawili na majembe. Huko Mumosho walichimba mahali palipoota majani mapya, na Laurette, leso puani, alimtambua mumewe kwa mshipi wa suruali aliomtobolea tundu jipya kwa msumari alipoanza kukonda. Papa Zagabe aliteremka mwenyewe shimoni kumshika miguu. Askari mmoja alimpa mkono kumtoa.

Kwenye mazishi watu walikuwa wachache. Padri alikuwepo, Mugisho na ndugu zake walikuwepo, na wenzake wa taasisi walisimama mbali. Kwaya haikuja kuimba. Habari zilikuwa zimeshazunguka parokiani kwamba Zagabe amewapigia muziki waliomuua mwanawe, tena amepiga kwa raha. Padri alipomaliza, Laurette aliomba kusema neno. Alilisema bila kupandisha sauti.

"Hii maiti mnayoiona, papa aliilipia Jumapili, mbele yenu wote mulikuwa munapita. Basi. Sina lingine."

Baadhi waliinamisha vichwa. Mmoja wa wale wenzake wa taasisi alikuja akachukua sepetu mkononi mwa mzee, akaanza kufukia.

Georgette alikuja nyumbani kabla matanga hayajaisha, amebeba sufuria ya maharagwe na fungu la ugali ndani ya kitambaa. Alikaa karibu na Papa Zagabe kwa muda mrefu. Hakuomba msamaha na mzee hakuutarajia. Alipokuwa anaondoka alisema kwamba kwenye kwaya nafasi yake ipo, hata ya kuimba tu. Mzee alisema atafikiri. Baada ya Pasaka alikwenda akasimama mstari wa nyuma, na wanaume wakasogea kumpa nafasi.

Gitaa halikurudi. Kwa miezi mingi, upepo ukitoka ziwani, walilisikia kutoka kwenye ile nyumba. Nani alikuwa analipiga hawakujua, askari fulani labda, anajifunza, anarudia mahali palepale na kukosea palepale. Kila lilipoanza Papa Zagabe aliinuka na kufunga dirisha.

Siku moja Laurette alikuwa anapasi nguo. Gitaa likaanza, mzee akainuka.

"Muache dirisha wazi, papa," alisema Laurette.

"Unataka kusikiliza bale askari?"

"Si bale. Ni kazi ya Emile."

Mzee alibaki amesimama, mkono kwenye kitasa. Huko ziwani yule mtu alikosea tena, akaanza upya. Sauti ilikuwa nene na safi, hata mikononi mwa asiyejua. Papa Zagabe hakuweza kukaa kuisikiliza, hakufika huko, lakini dirisha aliliacha. Alikwenda uani kumenya mihogo, na kutoka kule alimsikia Laurette ameacha kupiga pasi.